Maji yalinywewa Bonde la Ufa, doa likaonekana Mombasa: uchambuzi wa kisa cha florosisi ya meno

Kisa hiki cha florosisi, yaani meno kuharibika rangi kwa sababu ya floraidi (madini yaliyomo kwenye maji) iliyozidi utotoni, kimetoka katika kliniki ndogo ya meno hapa Mombasa ninapofanya kazi. Wazazi wamekubali kiandikwe. Majina hayamo, mtaa haumo, na mambo machache yasiyobadilisha maana nimeyageuza ili familia isitambulike. Mtoto mwenyewe nitamwita Kijana, kifungua mimba nitamwita Dada, na kitinda mimba Mdogo. Nimekiandika kwa wahudumu wa afya, walimu na wazazi. Makosa mengi yaliyomo ni yetu sisi wenye makoti meupe.

## Usuli

Baba ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mama ni mzaliwa wa Mombasa. Jioni huuza viazi karai na bajia mlangoni pake. Miaka 12 na ushei kabla ya kisa hiki, baba alipata kazi kwa mwenye malori upande wa Nakuru, akaona kuliko kulala njiani kila siku, bora ahamishe nyumba nzima. Dada alikuwa ametimiza miaka 5 na miezi kadhaa. Kijana alikuwa bado tumboni. Alizaliwa huko huko, mwezi wa pili tangu wafike. Waliishi huko miaka 5, kazi ikaisha, wakarudi pwani. Mwaka mmoja baada ya kurudi akazaliwa Mdogo.

Huko bara walichota maji kwenye kisima kirefu cha mtambo kilichotumiwa na mtaa mzima. Mama huyasifu mpaka leo: baridi, meupe, hayana chumvi hata chembe. Hapa Mombasa wana kisima cha uani chenye maji ya chumvi, ya kufulia na kuogea. Ya kunywa na kupikia hununua mitungi kwa wenye mikokoteni. Kumbukeni tofauti hiyo ya ladha, kwa sababu ndiyo iliyompoteza mama, na nusura itupoteze na sisi.

## Ziara ya kwanza: tulimwambia akapige mswaki

Kijana aliletwa akiwa na miaka 12. Hakuwa na maumivu. Alikaa kwenye kiti kiganja kikiwa mdomoni, na hata alipojibu jina lake alijibu akiwa amekifunika. Meno mawili ya mbele juu yalikuwa na doa la kahawia iliyokoza katikati, na pembeni weupe usio na mng'ao, weupe wa chokaa. Meno mengine yalikuwa na weupe huo huo kwa viwango mbalimbali.

Mama alisema, "Daktari, huyu yuwapiga mswaki asubuhi na jioni. Nimemgombeza nimechoka. Ni haya maji ya chumvi yamemuharibu."

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Mwenzangu aliyempokea aliona ukoga kidogo kwenye fizi za chini, akausafisha, akampa nasaha ya mswaki, akaandika kwenye kadi: "madoa, usafi duni." Mimi niliiona kadi hiyo jioni, nikaipitisha. Hakuna aliyeuliza mtoto alizaliwa wapi. Kadi yetu wakati ule ilikuwa na nafasi ya mtaa anaoishi mgonjwa sasa. Ya alikokulia haikuwa nayo.

Madoa hayakutoka kwa kusafishwa. Hilo peke yake lilitosha kutusimamisha. Doa la chai, la miraa au la tumbaku hukaa juu ya jino na huondoka kwa brashi ya mashine. Likikataa, basi rangi imo ndani ya jino, na mswaki hauna hatia.

## Miezi mitatu baadaye

Walirudi mapema kuliko tarehe waliyopewa. Safari hii kulikuwa na maumivu: Kijana hakuweza kunywa maji baridi. Fizi za mbele zilikuwa zimechubuka, nyekundu, zimerudi nyuma kidogo, na juu ya meno mawili yale kulikuwa na mikwaruzo ya kulala, myembamba, sambamba, inayoonekana kabisa ukiinamisha taa.

Nilimwomba mama atoke kidogo akangoje nje, nikamuuliza mtoto amesugulia nini. Alikaa kimya. Halafu akahesabu kwa vidole: mkaa uliosagwa, ndimu na chumvi, majivu, na mwisho waya wa kusugulia sufuria. "Nilidhani nikisugua sana ule uchafu wa juu utatoka," alisema. Darasani walimwita Kutu. Kwenye madrasa alikuwa na sauti nzuri ya kaswida na alikuwa husimama mstari wa mbele. Sasa alijipeleka nyuma, na mwaka huo siku ya Maulidi aliumwa na tumbo.

Tulikuwa tumemwambia mtoto huyu kwamba tatizo lake ni uchafu. Akatuamini. Akafanya ambacho mtoto yeyote mwenye bidii angefanya.

## Swali lililogeuza mambo

Mama aliporudi ndani nilianza upya, na safari hii nilianza na meno ya utotoni. Yalikuwaje? Meupe, alisema, mazuri, hata picha anazo. Na haya ya ukubwani yalipotoka? "Yalitoka kama chaki. Meupe ya chaki. Baadaye ndiyo yakaanza kushika rangi, kidogo kidogo."

Alivyosimulia mama ndivyo florosisi inavyokwenda, na hakuwahi kuisikia kwa jina. Jino lililoathiriwa na floraidi iliyozidi halitoki likiwa la kahawia. Hutoka na weupe mfu wa chokaa, kwa sababu enameli, lile ganda gumu la juu, imejengeka ikiwa na vijitundu vidogo mno chini ya uso wake. Rangi huingia humo baada ya jino kutoka, miezi na miaka.

Nikamuuliza: huyu alipokuwa na miaka 2, mlikuwa mkiishi wapi?

"Bara," akasema. "Upande wa Nakuru."

Nilifunga kadi ya zamani, nikafungua karatasi mpya.

## Tulichokiona mdomoni tulipoangalia sawasawa

Tuliyakausha meno kwa pamba na hewa kwa takriban dakika moja. Nawasihi wenzangu msiruke hatua hii. Jino likiwa na mate, maji hujaza vile vijitundu na jino huonekana zima. Likikauka, hewa huingia mahali pa maji na weupe hujitokeza. Meno ya Kijana yalipokauka, mistari myeupe ya kulala ilijichora kutoka upande hadi upande, kama mtu aliyepitisha kipande cha chaki kwenye ubao wenye mikunjo. Kwenye chonge na magego, ncha zilikuwa zimefunikwa weupe kama Kibo asubuhi kukiwa hakuna wingu.

Jambo la pili lilikuwa jozi. Jino la kulia na mwenziwe wa kushoto yalifanana kama mtu na kivuli chake. Hilo liliondoa dhana nyingi kwa mpigo mmoja. Jino lililoumia kwa kuanguka huwa moja. Homa kali ya utotoni au utapiamlo mara nyingi huacha mfereji au mstari mmoja, kwenye sehemu iliyokuwa ikijengwa wakati ule. Ule ugonjwa wa magego ya kwanza na meno ya mbele kutoka yakiwa laini huacha mabaka yenye mipaka, na aghalabu upande mmoja huzidi mwingine. Dawa za tetrasaiklini hupaka jino zima rangi ya manjano au kijivu kwa mikanda, na mama hakukumbuka dawa ya namna hiyo. Kuoza kunakoanza hukaa kando ya ufizi, pale ukoga unapolala.

Tulitumia kipimo cha ukali wa florosisi cha Thylstrup na Fejerskov cha 1978, kinachoanzia 0 hadi 9. Meno mengi tuliyapa 4, yaani uso mzima umekuwa wa chokaa. Yale mawili ya mbele juu tuliyapa 5, kwa sababu yalikuwa na vishimo vichache vidogo ambapo enameli ilikuwa imebonyea. Magego ya pili ndiyo kwanza yanachungulia kutoka kwenye ufizi. Ncha zake zilikuwa chaki tupu, bila tone la kahawia. Hayo yalikuwa bado hayajakutana na chai.

## Dada, aliyesema yeye hana kitu

Siku hiyo Dada alikuwa amekuja kumshika Mdogo. Ana miaka 17, meno yake ya mbele meupe, yanang'aa, na mama alimtumia kama ushahidi dhidi yangu: "Mbona huyu tulikuwa naye huko huko, maji yale yale, na meno yake haya hapa?"

Swali zuri sana. Nilimwomba Dada akae kitini. Alicheka, akasema yeye hana kitu. Meno ya mbele kweli hayakuwa na kitu. Nilivuta shavu nikakausha nyuma: gego dogo la pili na gego la pili, kulia na kushoto, juu na chini, yalikuwa na ukungu mweupe mwembamba. Nilimpa kioo cha mkononi. Aliangalia, akaacha kucheka, akamwita mama aje aone.

Maelezo yake ni ya kalenda. Floraidi huharibu enameli wakati inapojengwa, jino likiwa bado ndani ya taya. Jino likishatoka, haliwezi kupata florosisi tena hata likiogeshwa maji hayo miaka 50. Enameli ya meno mawili ya mbele juu huanza kujengwa mtoto akiwa na miezi 3 au 4 na hukamilika akiwa na miaka 4 au 5, na kipindi chake cha hatari zaidi ni takriban kati ya miezi 15 na 30. Magego ya kwanza huanza wakati wa kuzaliwa na kukamilika karibu na miaka 3. Magego madogo hukamilika kati ya miaka 5 na 7, magego ya pili kati ya 7 na 8. Dada alifika Nakuru akiwa amepita miaka 5: meno yake ya mbele yalikuwa tayari, ya nyuma yalikuwa bado jikoni. Kijana alizaliwa huko na kuondoka akiwa na miaka 5. Kila kilichojengwa kipindi hicho kilijengwa na maji yale. Mdogo, aliyezaliwa Mombasa, alikuwa na meno mawili mapya ya chini, safi yote mawili.

Ndugu watatu, na midomo yao inaeleza safari ya familia kwa usahihi kuliko wazazi wenyewe, ambao walibishana mbele yangu kama walihama mwezi wa tatu au wa tano.

Si mara ya kwanza dokezo hili kufungua fumbo. Frederick McKay, daktari wa meno aliyehamia Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, alikuta wenyeji wana meno ya kahawia, na akagundua kwamba waliohamia pale wakiwa watu wazima hawakupata doa. Alishuku maji miaka mingi bila kujua ndani yake mna nini. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill, akipima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, ndiye aliyeikuta floraidi. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, McKay alikuwa amewashauri wazazi wa Oakley, Idaho, waache maji ya bomba jipya lililotoka kwenye chemchemi ya maji moto. Watoto waliofuata wakaota meno yasiyo na doa. Aliagua kwa kuuliza nani amekaa wapi akiwa na umri gani, kabla maabara haijampa jibu.

## Chupa iliyosafiri kwa basi la usiku

Baba alitaka kuona karatasi. Yeye ni mtu wa stakabadhi, na nilimwelewa.

Shangazi yake Kijana bado anaishi mtaa ule na anachota kwenye kisima kile kile. Tulimwelekeza kwa simu: achukue chupa ya plastiki, si ya kioo, kwa sababu floraidi hushikana na kioo na kipimo hupotoka, aisuuze mara tatu kwa maji yale yale, aijaze mpaka shingoni, afunge, aandike tarehe. Chupa ilifika Mombasa kesho yake. Tukaongeza mbili: ya kisima cha uani na ya mtungi wa mkokoteni.

Maji ya Nakuru yalizidi maradufu ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani na cha Kenya pia. Yote mawili ya Mombasa yalikuwa chini ya kikomo kwa mbali. Yale ya chumvi, yaliyolaumiwa muda wote, hayakuwa na kesi ya kujibu.

Nakiri kwamba chupa ya leo haithibitishi maji ya miaka 10 iliyopita. Lakini kisima ni kile kile, na shangazi, bila kuulizwa, alisema wanawe nao wana meno hayo, huko kwao, alisema, "ni meno ya kawaida."

Chumvi ya visima vya Mombasa hutokana zaidi na bahari inayopenya kwenye jiwe la matumbawe, na ulimi huijua mara moja. Floraidi haina ladha, haina rangi, haina harufu. Chanzo chake kikubwa Afrika Mashariki ni mawe ya volkano ya Bonde la Ufa: maji yakikaa chini kwa muda mrefu kati ya mawe hayo, huiyeyusha na kuibeba. Ndiyo maana tatizo hili linafahamika Nakuru, Naivasha, Baringo, na ng'ambo ya mpaka Arusha na kandokando ya Mlima Meru. Kisima kirefu chenye maji matamu kama soda kinaweza kuwa nayo tele.

Kilichomuuma mama zaidi hakikuwa kipimo. Kijana alinyonya miezi miwili tu. Mama aliugua, mtoto akahamia maziwa ya unga, kisha uji. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo mno hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye nyingi. Maziwa ya unga na uji hubeba chochote kilichomo kwenye maji, na mtoto mchanga hunywa mengi mno ukilinganisha na uzani wake. "Na nilikuwa nikiyachemsha," mama alisema. "Nikiyachemsha mpaka yatokote, nikiyachuja kwa kitambaa." Alifanya yote aliyofundishwa kliniki ya watoto, na yalikuwa sahihi kwa kuhara. Floraidi haitoki kwa kuchemsha. Mvuke ukienda, yenyewe hubaki sufuriani, na maji yaliyosalia huwa nayo zaidi kidogo. Dawa ya klorini nayo haiigusi.

Niliuliza pia kuhusu magadi. Magadi ya Bonde la Ufa, yale ya kulainishia maharagwe na kunde, yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na kiasi hutofautiana sana kati ya fungu na fungu. Mama alikuwa akiyatumia mara moja moja, na mtoto mdogo hakuwa akila kunde. Tuliyaweka pembeni.

## Tulichoamua, na kwa nini

Kwanza, kusitisha waya, mkaa na ndimu siku hiyo hiyo, na kuacha fizi zipone wiki kadhaa kabla ya kugusa chochote. Hapakuwa na ubishi.

Pili, njia ya kuondoa doa. Baba alikuwa ameona picha za meno ya kuvishwa yaliyo meupe pe, akataka hayo. Nilikataa. Kuvisha jino la mtoto wa miaka 12 ni kukata enameli ambayo hairudi, kwenye jino lenye kiini kikubwa, na fizi zake bado zinasogea. Na kinachovishwa leo kitabadilishwa mara kadhaa kabla hajazeeka. Kung'arisha kwa dawa ya kublichi nako niliahirisha kwa sababu ya umri, na kwa sababu meno yalikuwa tayari yanasisimka kwa mikwaruzo.

Tukachagua kukwangua juu juu: asidi hafifu ya haidrokloriki iliyochanganywa na unga laini wa kukwaruza, ikipakwa kwa sekunde chache, ikioshwa, ikirudiwa, huku fizi zimefunikwa mpira wa kinga. Huondoa sehemu ndogo mno ya uso wa enameli, na doa lililo karibu na juu huondoka nayo. Vishimo na doa la ndani lililosalia tungejaza kwa rezini yenye rangi ya jino. Nilimwambia Kijana wazi kwamba hayatakuwa meno ya gazetini. Aliuliza swali moja tu: "Ukiwa mbali utaona?"

Nilimjibu kwamba mtu wa mstari wa pili hataona.

Tatu, tuliwaambia wazazi: "Hii ni floraidi iliyozidi." Tukaishia hapo. Sentensi hiyo ilikuja kutugharimu.

## Matokeo

Kukwangua kulifanywa kwa vikao viwili. Kahawia iliyokoza ikawa manjano hafifu, mistari ya chaki ikafifia, na kikao cha tatu tulijaza vishimo. Mwisho wa kila kikao nilipaka meno vanishi ya floraidi, kama kawaida, kuimarisha uso uliokwanguliwa. Kijana alishika kioo akakiangalia muda mrefu. Hakusema kitu. Alipotoka nilimwona kupitia dirishani akimwambia Dada jambo, na kiganja kilikuwa mfukoni.

Amerudi kwenye kaswida. Mstari wa pili.

Miezi 8 baadaye mama alimleta Mdogo, aliyekuwa halali kwa maumivu. Magego mawili ya utotoni yalikuwa yametoboka; moja lilikuwa limefika kwenye kiini. Mtoto ambaye kwenye kadi yetu ya mwanzo hakuwa na tundu hata moja. Nilimuuliza mama wanatumia dawa gani ya meno. Akanijibu kwa fahari kidogo kwamba tangu siku ile aliitupa. Nyumba nzima. Alitafuta ya mitishamba isiyo na floraidi, na ilipokwisha Mdogo akawa anapiga mswaki kwa maji matupu. Mbali na hilo, senti za viazi zilikuwa zikienda kununua maji ya chupa ya Mdogo, wakati yale ya mkokoteni yalikuwa yamepimwa na hayana tatizo.

"Siku ile ulipompaka Kijana ile dawa ukasema ni floraidi," aliniambia, "moyo ulinipasuka. Si ndiyo hiyo sumu? Lakini niliogopa kukuuliza."

## Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibika

Kosa la kwanza, la kadi, ni rahisi kulitaja na rahisi kulirekebisha. Sasa karatasi yetu ina mstari mmoja zaidi: *mtoto aliishi wapi, na alikunywa maji gani, tangu kuzaliwa hadi miaka 8.* Mombasa ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka: bandari, malori, askari, walimu wa kuhamishwa. Kumuuliza mgonjwa anakunywa maji gani leo ni kumuuliza jambo ambalo jino halilijui.

Kosa la nasaha ya mswaki ni zito zaidi, na bado linanikera. Daktari akimwambia mtoto "safisha vizuri" kuhusu doa ambalo halisafishiki, anampa adhabu isiyo na mwisho. Mikwaruzo ile ya waya haikutoka yote. Mingine tuliikwangua pamoja na doa, mingine ipo. Kama siku ya kwanza tungetumia dakika moja kukausha jino na nyingine moja kuuliza lilitokaje, tungeiepuka.

Lililofaa kuliko yote lilikuwa mdomo wa Dada. Chupa ya maji ilimtuliza baba, lakini utambuzi ulikuwa umekamilika kabla ya chupa kupanda basi. Pale ambapo maabara iko mbali, ndugu waliozaliwa sehemu tofauti ni kipimo kisicho na malipo. Nimekitumia mara nyingine tangu hapo.

Kuhusu matibabu, nadhani tulichagua sawa kwa kuanza na kilicho kidogo. Wapo wenzangu watakaosema kwa vishimo vile tungejaza moja kwa moja bila kukwangua. Hoja yao ina uzito, kwani rezini itabidi ikarabatiwe miaka ijayo kwa vyovyote vile. Lakini kukwangua kulipunguza eneo la kujaza kwa zaidi ya nusu, na kwa mtoto wa umri huo enameli inayobaki ni akiba.

Kisha ile sentensi. "Floraidi iliyozidi": sisi tulisikia *iliyozidi*, mama akasikia *floraidi*. Hakukosea, kitu kilichoharibu meno ya mwanawe anakitaja daktari kwa jina, kisha jina hilo hilo analisoma kwenye boksi la dawa ya meno. Tulipaswa kumwambia kwamba jambo hili lina milango miwili. Floraidi inayomezwa kwa wingi wakati jino linajengwa huingilia ujenzi wa enameli. Floraidi inayogusa jino lililokwisha kutoka, kisha ikatemwa, husaidia madini kurudi kwenye enameli na kuzuia kuoza. Kwa Mdogo wa miaka 6, dawa ya meno kiasi cha punje ya mbaazi, mara mbili kwa siku, mtu mzima akisimamia atemee. Kwa aliye chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Onyo la kutomeza ni la kweli, kwa sababu mtoto anayelamba dawa ya meno kila siku anaweza kujiongezea floraidi, lakini kuitupa kabisa ni kufunga dirisha kwa kubomoa nyumba. Siku hizi nikimweleza mzazi, namkamulia dawa kwenye mswaki mbele yake. Mbaazi moja. Wengi hushangaa, kwa sababu matangazo huwaonyesha mswaki uliojazwa mwisho hadi mwisho.

Jambo moja hatukulifikiria kabisa, na alilileta shangazi kwa simu. Ana mjukuu wa miezi 14 anayelelewa pale pale, kwenye kisima kile kile. Ndiyo kwanza anakaribia miezi ya hatari ya meno ya mbele. Sisi tulikuwa tumepima maji yake, tukampelekea majibu baba, tukafunga faili.

Tulimweleza yanayowezekana. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilivifanyia kazi kwa miaka mingi, na vinafaa mradi mkaa ubadilishwe ukichoka. Kuna njia ya shabu na chokaa, iliyotoka Nalgonda, India, inayotaka vipimo na mkono wa kila siku. Mashine za kusukuma maji kwenye utando huondoa floraidi, ila bei yake si ya nyumba ile. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana floraidi ya kutajika. Shangazi ana bati na ana tangi moja. Si lazima maji hayo yaoshe vyombo au yafue nguo. Tukakubaliana yawe ya mtoto peke yake, ya kunywa na ya uji, mpaka afike miaka 8, na wakubwa waendelee kisimani mpaka mchujo upatikane.

Alichora mstari wa rangi ubavuni mwa tangi, kuonyesha sehemu isiyoguswa na mtu mwingine. Mara ya mwisho tulipozungumza maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari, na masika yalikuwa hayajaanza.